Mwaka Ujao Nitakuwa Mrefu

Waswahili wana methali za kumsifu mvumilivu mpaka mtu anachoka kuzisikia. Mvumilivu hula mbivu. Haba na haba hujaza kibaba. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Nimetafuta methali moja tu ya kumsifu mtu aliyeacha jambo akaenda nyumbani kunywa chai, sijaipata. Nilichokipata ni yule sungura aliyerukia ndizi akashindwa kuzifikia, akasema sizitaki mbichi hizi, na hadi leo watoto wa shule hufundishwa kumcheka. Mimi simcheki. Ningependa kujua alikwenda wapi baada ya pale, alikula nini, na kama alilala vizuri. Kwa maoni yangu alilala vizuri sana.

Nasema hivyo kwa sababu nilimaliza sehemu nzuri ya ujana wangu nikijaribu kuwa mrefu.

Mama na mimi tulikuwa tukiishi Wamagana, kijijini nje ya mji wa Nyeri, kwenye shamba ambalo marehemu baba alituachia mimi na kaka yangu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila kijana aliyemaliza shule alikuwa anangoja kuitwa mahali. Huyu alingoja benki, yule alingoja ualimu. Mimi nilingoja polisi. Sababu yangu haikuwa kubwa. Karibu na soko letu palikuwa na kituo kidogo cha polisi, na askari mmoja wa pale, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, alikuwa mrefu hata akitaka kunywa chai hotelini ilibidi ainame mlangoni. Viatu vyake viling'aa hata msimu wa mvua, na anayeyajua matope yetu atakubali kwamba hiyo peke yake ni kazi ya kutwa. Alipopita sokoni, wanawake waliokuwa wakibishana juu ya viazi walinyamaza. Nikasema moyoni, haya ndiyo maisha.

Kila mwaka maofisa walikuja Nyeri mjini kuandikisha vijana. Mlikimbizwa uwanjani, mkakaguliwa meno, mkapimwa kifua, halafu mkasimama kwenye mti wa kupimia wenye kibao kinachoteremshwa hadi utosini. Kwa mbio nilikuwa wa mbele. Meno yangu yalikuwa kamili, hata ofisa mmoja alimwita mwenzake aje ayaone. Lakini kibao kilipoteremshwa kiliteremka, kikaendelea kuteremka, na wenzangu wakaanza kukohoa ili wasicheke.

Mama alijua chanzo. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili hupewa la babu mzaa mama, na watu huamini kwamba mtoto haji na jina peke yake. Kaka yangu alipewa jina la babu ambaye, wazee wakisimulia, alichuma maparachichi bila kupanda mti. Kaka naye akawa mrefu, na urefu wote huo akaupeleka kwenye kiwanda cha kahawa kuukalisha kitini, akiwa karani. Mimi nilipewa jina la baba yake mama. Alikuwa mzee wa heshima zake, ila waliomjua wanasema alipopita katikati ya mahindi, ulijua ni yeye kwa kuona mahindi yakitikisika. Kwa ajili ya jina hilo mama aliniita baba. Baba, njoo ule. Baba, umeoga? Na kila niliporudi kutoka Nyeri bila kuandikwa, alinitazama kama mtu aliyenikosea.

"Ni mimi nilikuletea hii maneno," alisema. "Baba yangu hakuwa mrefu. Singekupa kitu sikuwa nayo."

Kwa hivyo akaanza kutengeneza alichodhani amekiharibu. Maziwa ya jioni yakawa yangu. Mayai yakawa yangu. Kisha akaamua kwamba mizigo ndiyo inayokandamiza mifupa, akanipiga marufuku kubeba chochote. Majani ya ng'ombe aliyabeba yeye, ukanda kichwani, mgongo umeinama, na mimi nikimfuata nyuma mikono mitupu, kijana mzima mwenye meno ya kusifiwa. Majirani walisimama kwenye ua wakatuangalia tukipita. Mama aliwasalimu kwa fahari.

Upande wangu nilikuwa na tawi la mparachichi. Asubuhi na jioni nilining'inia pale mpaka mikono ikafa ganzi, nikijiambia kwamba uti wa mgongo unavutika polepole. Baada ya msimu mzima, siku moja nikiwa nimening'inia, nilihisi vidole vya miguu vinagusa ardhi. Nikapiga kelele. Mama akaja mbio, akaona, akamwita jirani naye aje aone jinsi mtoto wake alivyokua. Jirani aliangalia miguu yangu, halafu akaangalia juu, akasema kwa upole kwamba ni tawi ndilo limeshuka.

Mwaka mwingine nilifuga afro. Ilikuwa ndiyo mtindo, na niliichana ikasimama juu vizuri. Ofisa wa kupima, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alikibonyeza kibao kwenye nywele zangu mpaka kikafika mfupa. "Hii ni nywele ama ni kofia?" aliniuliza. Mwaka uliofuata nilikwenda kukaa na mjomba wangu Naro Moru, aliyekuwa akibebea wazungu mizigo ya kupanda mlima, kwa sababu nilisikia hewa ya juu hurefusha watu. Nilirudi na mafua.

Nikisimulia haya leo watu hucheka, na mimi hucheka nao. Lakini kuna jambo ambalo halichekeshi. Sehemu yangu ya shamba ilikuwa imejaa magugu. Nilikataa kuilima kwa sababu polisi hulala kambini, na mtu wa kambini anataka viazi vya nini? Nilikataa kujenga nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa na suruali nzuri ambayo sikuivaa, nikiiwekea siku ya kuripoti chuoni, na ikaliwa na mende. Kila kitu kilikuwa cha baadaye. Nilikuwa naishi Wamagana kama mgeni anayengoja gari, na gari lenyewe halikuwa na njia ya kufika huko.

Na palikuwa na mwalimu wa nasari.

Alifundisha watoto wadogo kwenye chumba cha mbao kando ya kanisa. Alicheka upesi, alikasirika upesi zaidi, na alikuwa ananizidi urefu. Nilimpenda kabla sijamaliza kumsalimu. Yeye naye, kwa sababu ambazo hajawahi kunieleza vizuri, alinipenda. Watu wote walijua kwamba tutaoana. Kilichobaki, kama nilivyomweleza mara nyingi, ni mimi kupata yunifomu kwanza. Ndani yangu nilijua kwamba nikiwa na kofia ya polisi tutakuwa karibu sawa, ila hilo sikumwambia mtu.

Alingoja. Alingoja mpaka watoto aliowafundisha kuhesabu wakaanza kumpita dukani wakiwa wameshika vitabu vya darasa la nne. Kisha, wiki chache kabla ya maofisa kuja tena, alinikuta kwenye mparachichi, akasimama akaniangalia nikining'inia.

"Shuka," alisema.

Nikashuka.

"Enda Nyeri. Mimi sikukatazi. Ukirudi na hiyo kazi, kuja uniambie. Ukirudi bila, bado kuja uniambie. Lakini ukirudi na hii neno yako ya mwaka ujao, usikuje kwetu. Mimi nimechoka kuolewa mwaka ujao."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepata la kujibu. Alikwenda zake, na mimi nikarudi kwenye tawi kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kwenda.

Yule askari mrefu alikuwa ameshakuwa rafiki yangu. Alinionea huruma, ingawa yeye mwenyewe alilalamika kwamba kitanda cha kituo ni kifupi na kwamba baridi yetu humwanzia miguuni inapotokeza kwenye blanketi. Nilipomweleza shida yangu alifikiri, akasema, "Kijana, mtu akiamka asubuhi huwa ni mrefu kuliko jioni. Kutembea kunamteremsha. Wewe panga upimwe mapema."

Nikampelekea mama habari hiyo. Mama aliichukua akaifikisha mbali kuliko askari alivyokusudia. Kama kusimama kunampunguza mtu, alisema, basi asisimame kabisa. Tangu aamke mpaka afike chini ya kibao, mguu wake usikanyage ardhi.

Ndiyo maana siku ya kuandikishwa nilisafirishwa kwenda Nyeri nikiwa nimelala chali. Jirani yetu mwenye pikapu alikuwa anapeleka kabeji sokoni. Walinibeba kutoka kitandani pamoja na godoro, wakaniweka juu ya kabeji, wakanifunika blanketi hadi kidevuni kwa ajili ya ukungu. Mama alikaa kando yangu, ameshika paji la uso wangu ili nisisahau nikainuka. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani kwa sababu kile kingine kilikuwa kimefuliwa.

Hatukuwa tumefika mbali nilipoona jambo. Barabarani, wanaume walikuwa wakivua kofia. Mwendesha baiskeli alishuka akasimama kando mpaka tukapita. Kundi la akina mama wa kanisa, waliokuwa wakienda kupalilia kwa mwenzao, waliinamisha vichwa, kisha mmoja akaanzisha wimbo wa maziko, na wengine wakaupokea. Nilitaka kuinua kichwa niwaambie, mkono wa mama ukanibonyeza chini.

Mbele kidogo mzee mmoja aliinua fimbo kusimamisha gari. Dereva akasimama, kwa sababu mzee akisimamisha gari hujui ni jambo gani. Wale akina mama nao wakatufikia.

"Ni nani ametuacha?" mzee aliuliza.

Mama yangu hasemi uongo. "Hakuna mtu. Ni kijana yangu. Anaenda kuandikwa polisi."

Mzee aliniangalia kutoka kidevuni hadi miguuni. "Akiwa hivyo?"

"Akiwa hivyo."

Naona alidhani huzuni imemvuruga mama akili, kwani alivua kofia akasema, "Basi, wacha tuombe." Akaomba, na aliomba kwa utulivu wa mtu asiye na shamba la kurudi. Alimwombea mama nguvu. Aliniombea mapumziko. Mimi nimelelewa kanisani, na maombi yakiisha mdomo wangu hauningoji. Nikasema amina. Mama mmoja aliangusha kiondo, mwingine akaketi chini palepale barabarani, na mzee akarudi nyuma hatua kubwa ambazo sikutarajia kwa umri wake. Dereva alicheka mpaka akashindwa kuwasha gari.

Kwa bahati mwaka huo walianza na kupima urefu, mbio zikaachwa mwisho, kwa hivyo uwanjani walinishusha na godoro langu wakaniweka kwenye foleni. Foleni ikisonga, vijana wa mbele na nyuma walilivuta godoro. Walinitania sana, lakini niliona wawili watatu, wafupi kama mimi, wakiliangalia kwa wivu. Hatimaye nikafika chini ya mti wa kupimia, nikasimama kwa mara ya kwanza siku hiyo, kizunguzungu kikanishika. Ofisa alikuwa yuleyule wa sauti ya chini, sasa mwenye mvi.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, afande."

Alikiteremsha kibao polepole. Akainama akaangalia alama. Akanyoosha mgongo, akainama tena. Mama alikuwa ameshika kamba ya uwanja kwa mikono miwili.

"Umebakisha kidogo sana," alisema. "Ni kama ukucha hivi." Akaniangalia kwa wema wa kweli, na huo wema ndio ulioniumiza. "Na bado una umri. Rudi mwaka ujao."

Angenifukuza kwa kiboko ningemshukuru. Nilisimama pale na matumaini yakaanza kupanda ndani yangu, na nikayatambua. Yalikuwa yaleyale ya mwaka uliopita na wa kabla yake, yakija na maneno yaleyale: kidogo tu, bado kidogo tu. Nikaona mwaka mzima umejipanga mbele yangu, mayai, tawi, mama ameinama chini ya majani ya ng'ombe, magugu yangu yakitoa maua. Nikaona pia chumba cha mbao kando ya kanisa na mtu mwingine ndani yake. Nilichoka ghafla, uchovu ambao hata kulala chali hauwezi kuuondoa.

"Asante, afande," nilisema, na nikamwambia kwaheri kwa mkono. Hakuwa amezoea kupewa mkono, lakini aliupokea.

Mama alikuwa na furaha kuliko siku zote. Tulipofika kwenye pikapu, kabeji zimeuzwa, alikuwa ameshalitandika godoro. "Lala, baba. Usipoteze ile tumepata."

Nilikaa. Nikalikunja godoro, nikaliweka nyuma ya mgongo wangu, nikakaa wima juu ya magunia matupu huku pikapu ikitoka mjini.

"Imebaki kidogo tu," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Basi ibaki."

Pikapu ilikata kona kadhaa. Nikamwambia kwamba hakunikosea. Nikamwambia maziwa ya jioni aanze kunywa yeye. Aligeuza uso upande wa barabara, na nilijua analia, nami nililia pia, sitaki kuficha. Halafu tukapita mahali pale tulipoombewa, na yule mzee alikuwa bado yupo, akasimama wima aliponiona nimekaa. Mama ndiye aliyeanza kucheka.

Sikuenda nyumbani kwanza. Nilimkuta mwalimu akikusanya vikombe vya uji vya watoto. Hakuacha kazi yake.

"Walisema nini?"

"Walisema mwaka ujao."

Vikombe vilitulia mikononi mwake. "Na wewe?"

"Mimi nasema viazi. Nataka kulima ile sehemu yangu nipande viazi. Hata nyumba. Kama bado unataka mtu wa urefu hii."

Aliviweka vikombe chini. "Hiyo magugu yako," alisema, "itataka watu wawili."

Ningependa kusema kwamba kuanzia siku hiyo nilikuwa na raha. Sikuwa nayo. Kwa majuma mengi nilikuwa kama mtu aliyeng'olewa jino, ulimi unarudi palepale kwenye pengo. Jioni ilipofika mikono yangu ilitafuta tawi. Sokoni waliniita sungura, na mbishi mmoja alinisimulia hadithi nzima ya ndizi, mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mafuta ya taa. Mama aliacha kuniwekea mayai, kisha akasahau akaweka, kisha akayala mwenyewe kwa hasira. Askari mrefu alihuzunika kuliko mimi. Hata leo buti zikipita barabarani kwa mpigo mmoja, kuna kitu hugeuza shingo yangu, na sikizuii.

Lakini viazi vilitoka. Niligundua kwamba napenda kuamka na kujua ninachokwenda kukifanya, na kwamba chai ya saa nne, ukiwa umekaa kwenye tuta lako mwenyewe, ina ladha ambayo miaka yote ile nilikuwa nimeimeza bila kuionja. Niligundua kwamba mama ni mtu wa mzaha mwingi, jambo ambalo alikuwa ameliweka kando akishughulikia mifupa yangu. Sikuwa nimepata nilichotaka. Nilikuwa tu nimeacha kukikosa kila siku, na sikujua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani mpaka nilipokaa ndani yake.

Tulioana. Jumapili moja baada ya arusi tulikuwa tukirudi kutoka kanisani kwa miguu, mimi na mke wangu. Kwetu hakuna tambarare. Kila njia imekatwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja uko juu na mwingine uko chini, na wa chini ndio unaopokea maji na matope yote. Nilikuwa namweleza jambo kuhusu mbegu. Tukafika mahali njia inapovuka kijito na kupanda ubavu wa pili, ambapo upande wa juu unakuwa wa chini. Bila kukatiza mazungumzo, mke wangu alipita nyuma yangu akahamia upande mwingine.

Nikaacha habari za mbegu. "Mbona umehama?"

"Wapi?"

"Ulikuwa mkono huu. Sasa uko huu."

Alishangaa kwamba naulizia. "Mimi hutembea chini. Tangu ile zamani."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unapenda tukiwa sawa," alisema.

Miaka yote hiyo. Nilikuwa nimetembea naye njia hizi nikiwa nimeinua shingo na kukaza macho mbele, nikiangalia ni nani anatuona, na sikuwahi hata siku moja kuona mahali mguu wake ulipokanyaga. Nilitazama viatu vyake vya kanisani. Vilikuwa vimejaa matope hadi kwenye kamba, na vyangu vilikuwa vikavu.

Nikamshika kiwiko, nikampandisha upande wa juu, na mimi nikashuka kwenye matope. Akanizidi kichwa kizima na zaidi, na watu wa kanisa waliokuwa nyuma yetu waliona, mmoja akauliza kwa sauti mama huyo anampeleka mtoto wake kliniki gani siku ya Jumapili. Mke wangu alicheka mpaka ikabidi asimame. Nilimtazama kutoka chini, na nikauona uso wake wote, mzima, jua likiwa nyuma yake.

Tulikwenda hivyo hadi nyumbani, na mahali njia ilipogeuka, nilihama mimi.